Likizo Iliyolipiwa

Siku niliyokwenda Kiriaini kusukwa nywele za safari ndiyo siku mama yangu alinitoa shambani. Sikujua. Nilikaa kwenye kiti cha saluni kutoka saa tatu asubuhi hadi saa nane, shingo ikiniuma, nikiwasimulia wale wasichana kwamba kesho tunakwenda baharini, familia nzima, hoteli ya kulala na kula na kunywa, kila kitu kimelipiwa. Mmoja akaniuliza nani amelipa. Nikasema kaka yangu mkubwa, na nilisema kwa sauti, hata yule mama aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele akageuza kichwa.

Kwetu ni juu ya Kiriaini, kwenye mgongo wa mlima ambako shamba huanza barabarani na kuteremka hadi mtoni. Juu ni chai, katikati ni nyumba na zizi, chini ni nduma, yaani magimbi, na ndizi. Mimi ni mtoto wa katikati, msichana peke yangu kati ya wavulana wawili. Niliolewa Kianyaga, nikakaa miaka tisa bila kupata mtoto, na mume alipochoka kungoja nikarudi nyumbani na begi moja. Watu wa kwetu wana neno kwa mwanamke wa namna hiyo na sitaliandika hapa. Baba hakulitumia hata siku moja. Aliniambia niende nikaone kama ng'ombe amepewa maji.

Miaka miwili kabla hajafa, Baba aliwaita wazee wawili wa ukoo na jirani yetu wa upande wa chini. Akachinja mbuzi. Kisha akachukua jembe akapanda itoka, kutoka kwenye mti wa avokado hadi ukingoni mwa mto. Itoka ni mmea wa majani marefu na maua meupe, na mzizi wake ni tunguu kubwa, kubwa kuliko kitunguu chochote cha sokoni. Kwetu haipandwi kwa urembo. Ikipandwa mbele ya mashahidi ni mpaka, na mwenye kuing'oa anajitafutia balaa, yeye na kizazi chake. Hilo mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu. Baba akasimama pale na tope kwenye magoti, akasema, "Kutoka hapa kwenda chini ni ya huyu msichana yangu." Wakala nyama, wakaenda zao. Hakuna aliyeandika chochote.

Hapo chini ndipo nilipoishi maisha yangu, ingawa nililala kwenye nyumba ya Mama. Nilipanda nduma zikashika, nikapanda sukuma wiki, nikapanda chai mpya mia kadhaa kwa mikono yangu. Asubuhi nilikamua, nikachuma chai ya Mama nikaipeleka kituoni, jioni nikamkanda Mama miguu, maana miguu yake huvimba. Kaka zangu walikuja Krismasi. Mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi Nyeri, si mbali, lakini kwake ilikuwa mbali. Mkubwa yuko Nairobi na kuna Krismasi tatu mfululizo ambazo hatukumwona kabisa. Mama alimpikia hivyo hivyo.

Mwaka uliopita mkubwa alikuja na mpimaji wa ardhi, siku ya kazi, bila kuniambia. Walikuwa na minyororo, na walikuwa wamemwajiri kijana mmoja wa hapo kijijini afyeke njia. Alipofika kwenye mstari wa Baba akaambiwa ang'oe. Yule kijana akaweka panga chini. Akasema ana watoto wadogo, akapanda zake juu bila hata kudai malipo yake. Mpimaji akasema yeye hawezi kufanya kazi bila mtu wa kufyeka. Kaka akacheka, akasema, "Haya mambo ya zamani yatatumaliza," wakaingia garini. Nilisimama kwenye sukuma zangu nikawapungia mkono. Kwa muda wa miezi mingi niliamini kwamba nimeshinda.

Kwa hivyo alipopiga simu mwaka huu akasema, "Mama hajawahi kuona bahari. Tumpeleke sisi wote, siku nne, nitalipa mimi," nilidhani ni toba. Ndivyo nilivyo. Mtu akinipa kipande cha mkate nasahau kwamba jana alinipiga kofi. Nilimwambia jirani, yule yule aliyekula mbuzi wa Baba, anitunzie ng'ombe. Nikanunua dera la maua. Nikaenda kusukwa.

Niliporudi kutoka saluni nilimkuta Mama amekaa mlangoni, nguo imelowa magotini, anapumua kwa shida. Alisema alikuwa akichimba nduma za kubeba. Nilimgombeza. Nikamwambia pale tuendako kuna chakula cha kumshinda mtu, na miguu hiyo haifai kuteremka kule chini. Akaniangalia kichwani akasema, "Wamekusuka vizuri." Nikasahau ugomvi.

Tulisafiri siku nzima, kwanza gari la kaka, kisha treni. Sitasimulia njia. Kwenye lango la hoteli mizigo yetu ilipitishwa kwenye mashine, na kiondo cha Mama kikazuiwa. Ndani kulikuwa na nduma za kuchemsha, ndizi mbivu na avokado. Mlinzi alikuwa mtu wa pwani, mwenye adabu zake.

"Samahani mama yangu, vyakula vya nje haviruhusiwi."

"Hii si ya kuuza," Mama akamwambia kwa Kiswahili chake cha kanisani. "Ni ya wenye nyumba. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu."

"Hapa hakuna wenye nyumba, mama. Ni hoteli."

"Basi wewe uko na nyumba. Peleka kwa watoto yako."

Mlinzi akacheka, akazipokea kwa mikono miwili, na hilo lilimpendeza Mama. Kisha akaona chini ya nduma kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha kichwa cha zamani. Akakibonyeza. "Na hiki?"

"Hiyo ni dawa ya miguu yangu."

"Mitishamba?"

"Eeh."

Nyuma yetu kulikuwa na familia ya wageni wamesimama na mabegi ya magurudumu, na mke wa kaka mkubwa alikuwa ameshaanza kutazama juu. Niliona aibu. Nikamshika Mama mkono, nikamvuta. "Twende, Mama, watu wanangoja." Mlinzi akakirudisha kifurushi kiondoni. Laiti ningekuwa mtu wa kuchungulia vitu vya watu, yaliyobaki yasingekuwepo.

Mapokezi walitupa kila mmoja taulo dogo, baridi, lenye harufu ya mchaichai, tujifute mikono. Mama alijifuta. Taulo likatoka jekundu. Ulikuwa udongo wa kwetu, udongo usiotoka chini ya kucha hata ukisugua siku mbili. Msichana akampa taulo la pili, nalo likatoka jekundu. Nilimuuliza alikuwa amechimba nduma ngapi. Akaendelea kujifuta. Mke wa kaka aliliangalia lile taulo, akamwangalia mumewe, kisha akaanza kuuliza chumba chetu kiko wapi.

Halafu wakatufunga bangili za plastiki za buluu mikononi. Ukiwa nayo unakula popote, saa yoyote, bila kuulizwa. Haivuliki. Inakatwa kwa mkasi siku ya kuondoka. Mama aliigeuza geuza yake.

"Ng'ombe hufungwa sikioni," akasema.

Kaka mkubwa akacheka kuliko wote. Alikuwa na furaha ya ajabu safari hiyo nzima. "Kula, Mama. Kunywa. Usiogope. Imelipiwa."

Nilihesabu baadaye, kitandani, kwamba alilisema neno hilo kila tulipokaa mezani. Imelipiwa. Mama alipoona meza za chakula, samaki wazima wamelala juu ya majani, tikiti maji lililochongwa likawa ua, wapishi wamesimama na vijiko, aliuliza nani anaoa. Alipoambiwa hakuna harusi, akauliza kilichobaki hupelekwa wapi. Hakuna aliyejua. Alichukua kipande kimoja cha kuku na viazi viwili, akamaliza, akaanza kukusanya sahani za watu wengine azipeleke jikoni, ikabidi mhudumu aje mbio kumzuia. Asubuhi alitandika kitanda kabla ya wa kutandika kufika, akafagia kwa kitambaa. Alisema hawezi kumwachia mtoto wa mtu uchafu wake.

Chai ndiyo ilimkasirisha kweli. Mama amechuma chai tangu mimi sijazaliwa. Vidole vyake vina nyufa nyeusi za utomvu wa majani. Akaletewa kikombe cha maji moto, maziwa kando, na kifuko kidogo chenye kamba. Akakishika kwa ile kamba, akakiinua.

"Hii ndiyo wanafanya nayo?" akaniuliza kwa lugha yetu. "Wanaifunga kamba kama mbuzi?"

Mhudumu, mtu wa Bungoma aliyemhurumia, akaenda jikoni akamchemshia chai ya maziwa kwenye sufuria, akamletea kwa chupa. Kuanzia hapo akawa anamwita "mama yangu" na Mama akawa anamwombea kwa jina lake. Ndiye mtu pekee wa hoteli ile ambaye Mama aliwahi kumwuliza hali ya nyumbani kwake.

Mimi? Mimi nilikula. Lazima niseme, kwa sababu ndilo linalonichoma zaidi. Nilikula kamba wakubwa, nikala mkate wa nazi, nikaingia kwenye bwawa la kuogelea na fulana yangu na suruali ya kubana, nikashika ukingo nikapiga miguu nikicheka peke yangu. Nililala juu ya kiti kirefu mchana. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka Kianyaga sikuamka na harufu ya zizi mikononi. Kila aliponipita kaka yangu nilimwambia asante. Alikuwa akinigonga bega na kusema, "Wewe umefanya kazi sana, pumzika." Nililia kidogo chini ya miwani niliyoazimwa na mke wake.

Siku ya pili jioni Mama aliombwa aombee chakula. Akasema ameanza kuchoka, niombe mimi. Nikasimama. Watu wa meza jirani wakanyamaza kwa heshima. Nikamshukuru Mungu kwa kaka zangu, hasa mkubwa. Nikamwomba azibariki kazi za mikono yake, amwongezee, amlipe mara nyingi kwa jinsi alivyomkumbuka mama yake na dada yake asiye na mtu. Niliomba muda mrefu. Wote wakasema amina. Mama hakusema. Alikuwa ameshika glasi ya maji kwa mikono miwili, anaangalia bangili yake.

Asubuhi ya tatu, baada ya chai, Mama alitaka kwenda majini. Nikasema nitamshika mkono. Akakataa. Alikuwa na kitambaa kile cha dawa kwapani. Nilimtazama kutoka kwenye kiti changu akitembea kwenye mchanga, polepole, viatu mkononi, hadi maji yakamfika magotini na nguo ikaelea. Alisimama pale kwa muda. Niliona mkono wake ukienda mbele, mara moja, mara mbili, mara nyingine tena. Nikafikiri anarusha maji kama watoto wanavyofanya. Nikafurahi. Niliinua simu nikampiga picha, na ninayo hadi leo: mwanamke mzee ameipa nchi kavu mgongo, kitambaa kitupu kinaning'inia mkononi.

Aliporudi nilimuuliza dawa iko wapi. Akasema maji ya chumvi ni dawa tosha.

Simu ya jirani ilikuja saa nane mchana. Nilikuwa na sahani ya nanasi mapajani.

"Ati mmeuza shamba?" akaniuliza.

"Nani ameuza?"

"Kuna watu hapa tangu asubuhi. Wamepima. Wameweka bikoni mbili za mpaka, moja iko hapo kwa sukuma yako. Nikauliza nani amewatuma wakasema ni familia."

Nikamwambia hawawezi. Nikamwambia itoka iko pale, hakuna mtu wa kijiji kile atakayeigusa.

"Itoka hakuna," akasema. "Kuna mashimo tu. Na si ya leo, udongo umekauka. Mimi nilidhani ni wewe ulihamisha."

Niliweka sahani chini. Nilikwenda hadi walipokuwa kaka zangu, kwenye kivuli karibu na bwawa. Mkubwa alikuwa na bia. Mdogo alikuwa kwenye simu yake, na aliponiona nakuja aliishikilia karibu zaidi na uso. Niliwaambia nilichoambiwa. Nilidhani watashtuka. Nilikuwa bado nimewapa nafasi ya kushtuka.

"Tulia kwanza," mkubwa akasema. "Hiyo tutaongea nyumbani. Usiharibie Mama likizo."

Hapo nikaelewa yote kwa pamoja, nyama na mifupa. Nyumba ilitakiwa iwe tupu. Mpimaji alitakiwa asikute mtu wa kupiga kelele, na mtu huyo ni mimi, na njia ya kumtoa mtu kama mimi kwenye shamba ni kumpa kiti kirefu na sahani ya nanasi. Nilimuuliza karatasi zinasemaje. Akaniambia bila hata kuweka bia chini. Karatasi zilikuwa zimeandikwa watoto wawili. Sehemu ya juu ni yake, ya chini ni ya mdogo, na ya chini tayari ina mtu anayeitaka.

"Baba alisema," nikamwambia.

"Baba alisema kwa mdomo. Mimi niko na taito ya shamba." Halafu akalainisha sauti, na sauti ile laini ndiyo sitamsamehe. "Na wewe unafukuzwa na nani? Uko na nyumba ya Mama. Huna mtoto. Shamba utaachia nani?"

Mdogo akasema, "Si tungekuambia tu," akiiambia simu yake.

Sikupiga kelele. Watu husema nina mdomo, lakini siku ile ulikauka. Nilimwuliza jambo moja tu: amepata wapi mtu wa kung'oa itoka. Nilitaka kumjua. Nilitaka kujua ni maskini gani amenunuliwa kwa bei gani hadi akakubali kuwabebea watoto wake balaa la kwetu. Kaka yangu aligeuza macho. Nilifuata macho yake hadi yalipokwenda, chini ya mwavuli wa makuti, alipokuwa ameketi Mama na chupa yake ya chai.

Nilimwendea. Nilipiga magoti mchangani mbele yake ili nimwone uso.

"Mama, nani aling'oa?"

Akanyoosha mikono yake miwili juu ya mapaja, viganja juu, vidole vimekunjamana. Chini ya kucha bado kulikuwa na wekundu.

"Ni mimi," akasema.

Alisema bila kulia. Alisema kaka mkubwa alimwendea akamwambia hakuna mtu mwingine atakayekubali, na kwamba jambo lile lisipoisha yeye hatarudi tena nyumbani, hata kumzika. Mama akafikiri siku nyingi. Akaona kwamba mwenye kung'oa lazima apatikane, na kama ni lazima awe mtu, afadhali awe mzee aliyekaribia mwisho, asiye na mtoto mdogo. "Wao wako na watoto," akaniambia. "Mimi balaa itanipata kidogo tu, halafu iishe." Siku niliyokwenda Kiriaini alishuka na jembe, miguu ile ile niliyokuwa nikiikanda, akazichimba zote. Matunguu madogo alimpa mbuzi wa jirani, hayakuliwa. Yale makubwa aliyafunga. Alikuwa ameshaambiwa kuhusu bahari, na alidhani bahari ni kubwa, haiwezi kukosa mahali pa kuweka kitu kidogo kama hicho.

"Na mimi?" nikamwuliza. "Mimi ulinifikiria mahali gani?"

Akanigusa nywele. "Wewe utakaa na mimi," akasema, kama mtu anayemweleza mtoto jambo dogo. Nikaondoa kichwa changu.

Jioni ile walikula. Mezani kulikuwa na nafasi yangu, na mhudumu wa Bungoma alikuja mara mbili chumbani kuuliza kama naumwa. Kaka mkubwa, niliambiwa, alimwambia anibebee sahani, imelipiwa.

Mtu aliyezoea kukamua huamka mapema hata akiwa na huzuni. Alfajiri ya siku ya nne nilikuwa ufuoni peke yangu na wafanyakazi wawili wa hoteli waliokuwa wakikokota mwani kwa reki, kuusafishia wageni mchanga. Walikuwa wamekusanya lundo refu, jeusi. Ndani ya lundo, kati ya mwani na kipande cha kandambili, niliona tunguu. Halikuwa limeharibika. Maji yalikuwa yameliosha likawa jeupe, na mizizi yake michache ilikuwa bado imeshika chembe za udongo wetu. Mawili mengine yalikuwa mbele kidogo, yamepasuka. Nilichukua lile zima. Mmoja wa wale watu akaniuliza, "Ni la kula hilo, dada?" Nikamwambia hapana. Nililifunga ndani ya dera langu jipya, na mashine ya langoni haikuuliza kitu, kwa sababu anayetoka na vitu hakaguliwi.

Mapokezi walitukata bangili. Mama alikataa kukatwa yake. Msichana akamwambia haimfaidii tena, haitafanya kazi popote. Mama akasema anajua.

Tulirudi kwa treni, kisha gari la kaka mkubwa. Kaka alitushusha barabarani, hakuingia ndani, akasema ana kikao. Huyo ndiye aliyesema hatarudi nyumbani jambo lisipoisha. Liliisha, na bado hajarudi.

Jiwe la mpaka liko katikati ya sukuma zangu, limepakwa rangi nyekundu juu. Nimeambiwa niendelee kulima hadi mwenye kununua atakapokuja, na kwamba huo ni wema. Yule mzee wa ukoo aliyebaki hai nilimwendea. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza aliyeng'oa ni nani, nikamwambia, akavua kofia yake akaishika. Akasema hawezi kukaa baraza juu ya mama wa mtu. Jirani naye anasema atasimama nami popote, lakini mahali pa kusimama hajaniambia. Kwa hivyo nilichimba shimo moja mahali pa zamani, hatua mbili kutoka kwenye jiwe, nikalipanda lile tunguu.

Mama alijua. Alinusa chumvi kwenye dera nilipokuwa nikilifua, au aliona tope la mikono yangu, sijui. Tangu safari ile miguu yake imekataa kabisa. Hawezi kushuka kule chini, hata kwa fimbo, na mikono imeanza kufa ganzi. Daktari wa Nyeri amempa dawa, ameeleza sababu na majina yake, Mama amemsikiliza kwa heshima. Yeye anajua kinachomla. Anasema itoka ikiota tena mahali pake, yenyewe, baada ya kutupwa, basi aliyeipanda amemsamehe. Sijawahi kusikia mtu mwingine akisema hivyo. Nafikiri amelitunga mwenyewe, kwa kuhitaji.

Jioni nikipanda na ndoo ya maziwa huwa ameketi mlangoni, miguu juu ya kigoda, bangili ya buluu imepauka mkononi. Haulizi habari za chai wala za ng'ombe.

"Imeota?" ananiuliza.

Iliota wiki ya tatu. Ina majani manne sasa, mapana, ya kijani kibichi, na katikati linachomoza la tano. Kila asubuhi naimwagilia maji ya mtoni. Neno moja tu nikimwambia atalala usiku huo, najua, na kila jioni nakwea mlima nikiwa nimekusudia kulisema. Nikifika mlangoni namwona ananiangalia kichwani, ambako nywele zile nilizifumua zamani.

"Bado, Mama," namwambia. Kisha naingia jikoni kumchemshia chai.